Giorgio Morandi na Vyombo Vyake vya Vumbi

Mtu wa pwani afikapo Lodwar hukikosa kitu kimoja asichokitarajia kukikosa, nacho ni mtungi. Kwetu hata kibanda cha makuti hakikosi mtungi wa maji pembeni, umekaa baridi yake, kata imelala juu ya kifuniko. Kwa Waturkana si hivyo. Mfugaji anayehama na mbuzi na ngamia kufuata mvua hawezi kusafiri na udongo wa kuchomwa. Ukianguka mara moja, ni vigae. Basi vyombo vyao huchongwa kwa mti na vingine hushonwa kwa ngozi, na humo maziwa na mafuta hukaa salama kuliko adhaniavyo mgeni.

Lakini udongo si mgeni katika nchi ile. Kule Lothagam, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua maziara ya wafugaji walioishi yapata miaka 5,000 iliyopita, wamezikwa watu wasiopungua 580 mahali pamoja. Katika maziara ya namna hiyo ya pande za ziwa hupatikana vigae vya vyungu vilivyotiwa mistari na vidoto, mstari kwa mstari, kabla udongo haujakauka. Aliyeyafanya hayo alikuwa na kijiti tu mkononi, na subira.

Na ukitoka Lodwar ukashika njia ya Lokichoggio, utafika Kakuma, ambako tangu mwaka 1992 pana kambi ya wakimbizi kutoka Sudan, Somalia, Uhabeshi, Kongo na kwingineko. Huko udongo umerudi kwa mlango mwingine. Mhabeshi amekuja na jebena yake, lile buli jeusi la kahawa lenye shingo ndefu na tumbo la mviringo. Msomali amekuja na dabqaad, ambayo mtu wa Lamu au Mombasa akiiona hataulizia jina, kwani ni chetezo kile kile cha kwetu. Juu ya hivyo vyote, mbele ya bomba la maji, yamepangwa madumu ya plastiki safu kwa safu, kila dumu likimshikia mwenyewe nafasi kwenye foleni ilhali yeye yuko kivulini. Jua la saa sita likipiga juu ya safu ile, rangi huchujuka na vumbi hukalia kila bega la dumu. Hapo ndipo nilipomkumbuka Mtaliana mmoja ambaye hakufika Turkana, wala hakupata kufika Afrika, naye ni marehemu Giorgio Morandi.

Nataka kuyasimulia maisha yake kwa sababu. Nimekutana na vijana wachoraji, wa huko juu na wa huku pwani, ambao ukiwauliza wachora nini watakujibu twiga, moran na mkuki wake, na jahazi machweo. Ukiwauliza kwa nini, watakwambia ndivyo anavyonunua mgeni. Si makosa kutafuta riziki. Ila huyu bwana aliyeishi miaka 73 akichora chupa, jagi, bakuli na kopo la bati, tena yale yale mwaka hata mwaka, na leo picha zake zinagombewa duniani, anastahiki kujulikana na kijana aliyeambiwa kwamba kwao hakuna cha kuchora.

Morandi alizaliwa mjini Bologna, kaskazini mwa Italia, tarehe 20 Julai 1890. Baba yake, Andrea, alikuwa mtu wa biashara na alitaka mwanawe amrithi. Kijana akaingizwa ofisini mwaka 1906, lakini moyo wake haukuwamo katika hesabu na barua za mauzo. Mwaka uliofuata aliruhusiwa kuingia Chuo cha Sanaa cha Bologna. Mwaka 1909 baba alifariki, na Giorgio akawa ndiye mwanamume wa nyumba, yeye na mama yake na dada zake watatu, Anna, Dina na Maria Teresa. Mwaka 1910 walihamia mtaa wa Fondazza, na huko ndiko alikokaa mpaka mwisho wa uhai wake. Hakuoa. Dada zake hawakuolewa. Chumba chake cha kulala ndicho kilichokuwa karakana yake: kitanda chembamba cha mtu mmoja, meza, rafu, na vyombo kila mahali.

Chuoni aliagana na walimu wake kwa shida, maana miaka ya mwisho alianza kuzitazama kazi za Cézanne wa Ufaransa na kuchora kwa namna ambayo walimu waliiona ni ukaidi. Alimaliza mwaka 1913. Baada ya hapo akawa mwalimu wa kuchora katika shule za watoto wadogo, kazi aliyoifanya miaka mingi, hadi mwaka 1929. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza kwa Italia, mwaka 1915, aliitwa jeshini, akaugua sana, akarudishwa nyumbani. Kwa kitambo, mnamo 1918 na 1919, alifuatana na wachoraji walioitwa wa Metafizikia, akina de Chirico na Carrà, waliochora masanamu ya washonaji na viwanja vitupu kama ndoto. Hakukaa nao sana. Alirudi mezani kwake.

Sasa nieleze kazi ambayo hasa ndiyo iliyonivuta kuandika, nayo ni picha zake za chapa. Wengi humjua Morandi kwa picha za rangi ya mafuta, na kweli hizo ni nyingi kuliko zile za chapa. Lakini mimi naona kwamba aliyezijua siri za vyombo vile ni yule Morandi wa chapa, asiyekuwa na rangi hata moja ya kujifichia.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Fundi huchukua bamba la shaba au la zinki, akalisugua hata likang'aa. Hulipaka nta nyembamba, kisha huichora ile nta kwa sindano. Sindano haikati chuma. Inafungua njia tu. Bamba hutiwa katika tindikali, na tindikali hula pale palipofunguliwa, ikaacha mahali palipositiriwa na nta. Likikaa muda mfupi mstari huwa mwembamba na hafifu. Likikaa sana, mstari huwa na kina na weusi. Fundi aweza kulitoa bamba, akaifunika kwa vanishi sehemu iliyokwisha liwa vya kutosha, akalirudisha ili sehemu nyingine iendelee kuliwa. Mwisho huisafisha nta, akapaka wino, akaufuta juu ya uso wa bamba kwa kitambaa hata wino ukabaki ndani ya mifereji peke yake. Halafu huja karatasi iliyoroweshwa, na mtambo wa kukandamiza. Picha hutoka kinyume: kilichokuwa kulia huwa kushoto.

Sisi tuliokalishwa chuoni na ubao na kalamu ya mwanzi twajua kwamba kalamu ikikatwa vyema huweza kutoa unene na wembamba kwa mgeuko wa mkono tu. Sindano haina ukarimu huo. Mstari wake ni mmoja. Ukitaka kivuli huna budi kuipanga mistari karibu karibu, kisha kuikata kwa mistari mingine mshazari, kisha mingine tena, mpaka uso wa picha uwe kama ukili uliosukwa au wavu wa kujarifa uliokunjwa mara mbili. Wako mafundi wanaoikwepa adha hii kwa kutumia unga wa utomvu unaotoa kivuli kizima kwa mara moja, kama wingu. Morandi alishikamana na mistari. Hakufunzwa na mtu. Alijifunza peke yake, kwa vitabu vya zamani vya mafundi na kwa kuzitazama chapa za Rembrandt, Mholanzi wa karne ya kumi na saba. Chapa yake ya kwanza iliyohifadhiwa, ya mwaka 1912, si ya vyombo. Ni daraja la mto Savena. Kwa jumla katika umri wake wote alifanya chapa zaidi kidogo ya 130, na sehemu kubwa ya zile nzito alizifanya kabla ya mwaka 1934.

Itazame ile ya mwaka 1931 iitwayo Vyombo Tuli vya Mistari Mikubwa, kama naweza kuifasiri hivyo. Mistari yake imeachana kiasi cha kuhesabika kwa jicho, imenyooka na kukatana, na ukiisogelea karibu huoni chombo bali kichaka cha mistari. Rudi nyuma hatua mbili, vyombo vinasimama. La ajabu zaidi ni jinsi alivyofanya vyombo vyeupe. Chombo cheupe katika chapa ya Morandi aghalabu hakikuchorwa. Kilichochorwa ni giza lililo pembeni yake, ukuta na kivuli na jirani yake, na pale katikati karatasi imeachwa tupu. Hapo tupu ndipo lilipo jagi. Mfinyanzi wa kweli angemwelewa upesi, kwani naye hufinyanga kuta tu, na kinachotiwa maji ni ile nafasi asiyoigusa.

Vyombo hivyo alivinunua kwa wauza vitu vikuukuu. Hapakuwa na cha thamani. Taa za mafuta, mabuli ya kahawa, makopo, chupa, vasi za udongo, bakuli zilizopasuka. Kulikuwa na chupa moja nyeupe yenye shingo ndefu na mifuo ya kuzunguka mwilini, ambayo mtu wa kwetu akiiona katika picha zake ataapa kuwa ni mrashi wa maarusi. Vingine alivipaka rangi ya chokaa ili visimete, vingine alivitia rangi ndani. Tena hakuvipangusa. Vumbi lilikalia vyombo miaka kwa miaka, naye alilitaka, kwa sababu vumbi huuondoa mng'aro na kukilainisha kile ambacho jicho limezoea kukiona kikali. Mpangilio mmoja ulimchukua siku nyingi, akisogeza bakuli upana wa ukucha, akirudi nyuma, akitazama, akisogeza tena. Na aliporidhika alichora duara kwa penseli kuzunguka kitako cha kila chombo, ili kikiondolewa kijulikane kilipokaa.

Mbele ya vyombo vile mimi hufikiri zile nyumba za mawe za Lamu na Pate, na zidaka zake ukutani, ambamo bakuli za Kichina zilipangwa kila moja katika kijumba chake. Hufikiri pia kaburi la mnara la Mambrui lililopachikwa sahani za Kichina. Wazee wetu waliujua uzuri wa chombo kilichotulia mahali pake. Tofauti ni kwamba wao waliweka kile kilichovuka bahari kwa gharama, yaani fahari ya mwenye nyumba, naye Morandi aliweka kile ambacho jirani yake angekitupa. Na kwa watu ambao mafundi wao, kwa kujitenga na sura za viumbe wenye roho, walikwenda kwenye ua, jani na herufi, mchoraji huyu si mgeni wa kushangaza. Zipo picha chache za nafsi yake na za watu, za ujanani, kisha akazisahau. Binadamu akatoka kwenye picha. Vikabaki vyombo alivyovishika.

Kazi hii ilimpa cheo. Mwaka 1930 aliteuliwa kuwa profesa wa sanaa ya chapa katika chuo kile kile alichosomea, bila kutahiniwa, kwa sababu ya sifa yake, na akafundisha mpaka mwaka 1956.

Hapa hapana budi kusema neno ambalo wapenzi wake wengi walipenda kulipita kando. Mwaka huo wa 1930 Italia ilikuwa mikononi mwa Mussolini. Miaka miwili kabla yake Morandi alikuwa ameandika maelezo mafupi ya maisha yake katika gazeti la chama cha Mafashisti wa Bologna, na humo alijieleza kuwa aliuamini mwendo wao tangu mapema. Marafiki waliomsaidia kupata cheo wengine walikuwa watu wa chama. Haikupita miaka mingi, Oktoba 1935, majeshi ya serikali hiyo yaliingia Uhabeshi, yakatumia mabomu na sumu ya hewa juu ya watu wasio na kinga, na Mei 1936 yakaingia Addis Ababa. Mwaka 1940 vita vilifika kwetu. Moyale ilitekwa mwezi Julai, ndege za Wataliana zikaidondoshea Malindi mabomu mwezi Oktoba, na kule Turkana mpaka wa kaskazini ukawa mstari wa vita. Lodwar, ambayo baadaye Wakenya wengi wangeijua kama mahali alikozuiliwa Mzee Jomo Kenyatta kuanzia 1959 hadi 1961, ilikuwa nyuma ya mstari huo.

Na bwana wetu, wakati wote huo, alikuwa akichora chupa.

Watu wamegawanyika juu ya jambo hili. Wako wanaosema kwamba kimya chake kilikuwa namna ya kukataa: serikali ilitaka picha za mashujaa, ngano na mizinga, naye akaipa kopo la bati. Wako wanaosema kimya ni kimya, na mshahara alipokea. Mimi simtetei, kwa sababu jebena ya Mhabeshi ni chombo vile vile, na ilivunjwa na watu waliotumwa na serikali aliyoisifu. Lakini pia siwezi kuziona chapa zake kuwa za uongo. Katika chapa hizo hamna hata mstari mmoja wa kumsifu mwenye nguvu. Msomaji ashike upande auonao wa haki. Ila asikubali kusimuliwa maisha haya pasipo sura hii.

Haki ya mambo nayo yataka tuseme lililofuata. Kufikia vita, marafiki wake wengi wapya walikuwa ni wapinzani wa Mussolini, miongoni mwao mwanachuoni wa sanaa Carlo Ludovico Ragghianti. Mei 1943 Morandi alikamatwa kwa ajili ya usuhuba huo, akatiwa ndani yapata wiki moja, kisha akaachiliwa kwa maombezi ya watu wenye majina. Mabomu yalipozidi mjini aliwachukua mama na dada zake akaenda Grizzana, kijiji cha milimani alichokuwa akipumzikia kila kiangazi. Mwaka 1944 mstari wa vita ulipokaribia walirudi Bologna, na katika vuli ya mwaka huo huo askari wa Kijerumani wakawaua raia kwa mamia katika vijiji vya Marzabotto, Monzuno na hiyo hiyo Grizzana. Baada ya vita aliendelea na meza yake, lakini aitazamaye kazi yake ataona kwamba vyombo vimesogeleana zaidi, vimebanana katikati kama watu waliosikia mshindo nje.

Sifa sasa zilimjia bila kuzifuata. Mwaka 1948 alipata zawadi ya kwanza katika maonyesho ya Venice. Mwaka 1953 kule São Paulo, Brazil, alipewa zawadi kuu ya chapa, na mwaka 1957 huko huko akapewa zawadi kuu ya picha za rangi. Yeye hakwenda. Safari za nje ya nchi alizozifanya zilikuwa chache mno, na ya kwanza aliifanya mwaka 1956, ya kwenda Uswisi, akiwa na umri wa miaka 66. Mwaka huo huo ndio alioacha ualimu. Picha zake aliziuza kwa bei ambayo wafanyabiashara waliiona ni kichekesho. Waliozitaka walingoja zamu yao miaka, naye hakutaka kuzidisha kasi wala bei. Mtu mrefu, mkimya, mpole wa maneno, mwenye kuvuta sigara. Na hata alipokuwa na umri wa babu, ili kukifikia chumba chake alipita katika chumba cha dada zake, akibisha hodi kwanza.

Mama alifariki mwaka 1950. Giorgio alimfuata tarehe 18 Juni 1964, humo humo nyumbani mtaa wa Fondazza, baada ya maradhi ya mapafu. Dada wa mwisho kubaki hai, Maria Teresa, aliukabidhi mji wa Bologna picha nyingi pamoja na vyombo vyenyewe, na mwaka 1993 likafunguliwa jumba la makumbusho kwa jina lake. Kijiji cha Grizzana tangu mwaka 1985 kinaitwa Grizzana Morandi. Nyumba ya mtaa wa Fondazza nayo ilifunguliwa kwa watazamaji mwaka 2009, na chumba kimepangwa kama alivyokiacha: kitanda chembamba, kofia yake, meza zake, na juu ya rafu zile chupa na makopo na mabakuli, safu kwa safu.

Karatasi alizokuwa akitandika juu ya meza zimehifadhiwa pia. Zimejaa duara za penseli, duara juu ya duara, za vitako vya vyombo vilivyosogezwa kwa miaka hamsini.